Kuvuta, kuburuza, kukokota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mwaka kwenye madarasa ya Kiswahili hapa Arusha na Moshi. Mengine huulizwa na wanafunzi wa sekondari, mengine na waongoza watalii na waandishi wachanga wa habari, na machache yalianzia gereji. Majibu yanategemeana, kwa hiyo ukiona namba ya swali jingine, lifuate.

## Mambo ya msingi

1. Kuvuta, kuburuza na kukokota yanatofautianaje?

Angalia mambo matatu: ardhi, jasho na hiari.

Kuvuta ni kukileta kitu upande wako, basi. Neno lenyewe halisemi kama kitu kinagusa chini, ni kizito au chepesi, kimekubali au kimegoma. Unavuta mlango, unavuta kiti ukae, na mtoto anavuta gauni la mama yake ili anunuliwe karanga.

Kuburuza kunadai ardhi. Gunia la mahindi likikosa wa kulibeba pale soko la Kilombero, litashikwa masikio na kuburuzwa hadi kwenye mizani huku likikwaruza sakafu. Humo humo mna kulazimisha: kinachoburuzwa hakikuulizwa.

Kukokota kunadai jasho. Kijana mwenye mkokoteni wa ndizi anayeukabili mlima huku mishipa ya shingo imemtoka, huyo anakokota. Ukitaka kipimo cha haraka, jiulize unamwonea huruma nani. Kwenye kukokota unamhurumia anayevuta. Kwenye kuburuza unakihurumia kinachovutwa. Kwenye kuvuta peke yake huna sababu ya kumhurumia mtu yeyote. Kipimo hiki kinatatua zaidi ya nusu ya maswali yaliyobaki hapa chini.

2. Buruza, buruta au burura: lipi ni sahihi?

Yote matatu. Kwa sikio langu, buruza ndilo linalotawala mazungumzo na magazeti, buruta limejipatia kazi mpya kwenye simu na kompyuta (swali la 17), na burura nakutana nalo zaidi kwenye maandishi. Mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa kuandika moja badala ya jingine anamwonea.

3. Kujivuta, kujikokota na kujiburuza ni kitu kimoja?

Hapana, na tofauti yake inaweza kuleta ugomvi. Anayejivuta ana nguvu ila hataki: "Dada, acha kujivuta, daladala itatuacha." Anayejikokota anataka ila nguvu zimemwisha, kama mgeni anayetokea lango la Mweka baada ya kushuka mlima, magoti yamekataa kukunja. Anayejiburuza hana hata miguu ya kusimamia. Mwili wake unagusa chini.

Ndiyo maana mkuu wa idara atasema malipo "yanajikokota", na wanaodai watasema idara "inajivuta". Wote wanazungumzia ucheleweshaji uleule. Mmoja analaumu hali, wengine wanamlaumu mtu.

Kujivuna ni jambo jingine kabisa, ni majigambo. Herufi moja tu, lakini nimeona barua ya kazi ambayo mwombaji alisema "najivuta kwa utendaji wangu".

4. Kwa nini mlango umeandikwa "VUTA" na watu bado wanausukuma?

Hilo si swali la lugha. Lawama nampa fundi aliyeweka mshikio upande wa kusukuma.

## Nyumbani na mtaani

5. Mtu akisema "nimevuta umeme", kavuta nini hasa?

Ameunganishwa. Picha iliyo ndani yake ni ya waya unaotoka kwenye nguzo hadi ukutani kwake, na ndiyo maana swali la kwanza utakaloulizwa ukienda TANESCO ni nyumba iko umbali gani na nguzo. Maji nayo huvutwa hivyohivyo: bomba linatoka kwenye njia kubwa ya mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, likaletwa kwako.

Maji yana mkanganyiko zaidi kidogo. "Vuta maji" kwenye mlango wa choo ni kusafisha sinki baada ya kujisaidia. "Tunavuta maji kisimani" ni kazi ya pampu. "Tumevuta maji" kwa mtu aliyejenga pembezoni mwa mji ni habari ya sherehe.

6. Kuvuta waya, kuvuta jiko, kuvuta mpunga: ni lugha ya kihuni?

Ni lugha ya mtaani, siyo lazima iwe ya kihuni. Kumvutia mtu waya ni kumpigia simu. Kuvuta mpunga, au mkwanja, ni kupokea fedha, hasa za kushtukiza au za mkupuo. Machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, husema hivyo na hata mhasibu ofisini huelewa.

Kuvuta jiko ndiyo ya kuangalia. Maana yake ni kuoa, na husemwa na wanaume kwa wanaume. Wanawake wengi niliowafundisha hawaipendi, kwa sababu inamfanya bibi harusi kuwa chombo cha kupikia kinacholetwa ndani. Na kwa vyovyote vile, usiitamke mbele ya baba mkwe mtarajiwa kule Marangu, mbege ikiwa mezani na mshenga amekaa pembeni. Pale kuna "kuposa" na "kuoa". Jiko utalivuta ukirudi kijiweni.

7. "Unavuta shuka kumekucha" maana yake nini?

Umechelewa kuchukua hatua. Usiku kucha ulilala wazi ukatetemeka, sasa jua limetoka ndipo unajifunika. Kwa mtu wa Dar es Salaam ni methali ya kuelezewa. Kwa mtu wa Arusha, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai unaieleza wenyewe.

8. Kuvuta subira na kuvuta muda vinafanana?

Vinapingana. Anayevuta subira anasubiri kwa nia njema, na waliosema "subira huvuta heri" walimaanisha kuwa kusubiri kwenyewe kunaileta heri karibu. Anayevuta muda anachelewesha kwa hila: mdaiwa anayeomba tarehe nyingine, au timu inayoongoza bao moja huku kipa wake akifunga kamba za viatu upya.

9. Sigara inavutwa. Je, ule mvuto mmoja unaitwaje?

Mtaani ni pafu. "Nipe pafu moja" ni ombi la kuvuta mara moja kwenye sigara ya mwenzako, na "kupiga pafu" ni kuvuta. Kwenye maandishi rasmi andika "kuvuta mara moja", usijitaabishe kutafuta nomino.

Wapo wanaosema kunywa sigara. Usiwacheke, moshi unameza au unavuta kulingana na ulikokulia. Ugoro huvutwa puani, na tumbaku nyingine hutafunwa, kwa hiyo "mtumiaji wa tumbaku" ni pana kuliko "mvutaji". Sheria inayosimamia bidhaa hizo nchini ni ya mwaka 2003, nayo inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Tangazo la dukani linaloandika "usiwauzie wavutaji wadogo" limekosea mantiki kabla ya kukosea lugha.

## Barabarani na gereji

10. Fundi akiniambia gari "halivuti", na mwingine akisema "linavuta", nani ana haki?

Labda wote wawili, kwa kuwa wanaongelea magonjwa mawili.

Gari lisilovuta limekosa nguvu. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Fundi atatazama chujio la hewa na la mafuta kama yameziba, plagi kama zimechoka, na klachi kama inateleza. Mwinuko nao una sehemu yake. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Gari lililokuwa zuri Moshi mjini likionekana zito ukikaribia lango la Marangu, karibu mita 1,900, si lazima liwe bovu.

Gari linalovuta, kwa lugha ya gereji, linakwenda upande bila kuambiwa. Ukiachia usukani kidogo, linaelekea kushoto. Hapo angalia kwanza upepo wa matairi, kisha alaimenti, kisha kama breki ya gurudumu moja inakamata. Ukisema tu "fundi, gari linavuta" atakuuliza "linavuta wapi, kaka?" Lijibu kabla hajaliuliza.

Waandishi wa ripoti waandike "halivuti". Barabarani utasikia "haivuti", na hakuna atakayekusimamisha kwa hilo.

11. Gari bovu huvutwa, huburuzwa au hubebwa?

Inategemea magurudumu yake yanafanya nini. Likifungwa kamba au mnyororo nyuma ya gari jingine na matairi yanazunguka, linavutwa. Brekidauni likinyanyua upande mmoja na upande wa pili ukizunguka, bado linavutwa. Likipandishwa lote juu ya kitanda cha lori, linabebwa. Likiondolewa na breki ya mkono imeshika, matairi yakichora mistari myeusi kwenye lami, hapo linaburuzwa, na mwenye gari ana haki ya kulitumia neno hilo kwa ukali wake wote.

Mbona nalirefusha hili? Kwa sababu mtu akipiga simu kuomba msaada, neno analochagua linaamua gari gani litatumwa. Gari la gia otomatiki halifai kuvutwa safari ndefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya mafuta ya gia haifanyi kazi, na gia zinazunguka pakavu. Kutoka Usa River hadi Arusha mjini panatosha kuiharibu. Kwa hiyo sema "nahitaji la kubeba", na usiseme "njoo univute".

Na hata kwa gari la gia za mkono, anayekaa kwenye gari linalovutwa ajue kuwa injini ikizimwa usukani na breki vinakuwa vizito sana.

12. Mkokoteni unasukumwa au unakokotwa?

Jina lake limeshajibu: ni chombo cha kukokotwa. Hata hivyo watu wengi husema "msukuma mkokoteni" ilhali wanamwona yuko mbele, mikono miwili nyuma yake, anavuta. Nadhani wanamchanganya na mwenye toroli, ambaye kweli anasukuma. Pakiwa na mlima, mmoja huvuta mbele na mwenzake akasukuma nyuma, kwa hiyo wote wawili wanakuwa sahihi.

13. Na treni?

Kichwa kinavuta mabehewa. Hakiburuzi, hakikokoti, ingawa abiria aliyechoka anaweza kusema "imejikokota" (swali la 3). Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na ikaendelezwa hadi Arusha mwaka 1929. Safari za abiria zilizokuwa zimekoma kwa miaka mingi zilirejea Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020.

## Magazetini, mikutanoni na michezoni

14. "Aburuzwa mahakamani": ni sahihi kuandika hivyo?

Kisarufi, ndiyo. Kihabari, mimi huwakataza wanafunzi wangu.

Rudi kwenye kipimo cha swali la 1. Anayeburuzwa hakuulizwa na anakwaruza chini. Ukimwandika hivyo mtu ambaye kesi yake inatajwa kwa mara ya kwanza, umeshamwonyesha msomaji mhalifu anayevutwa kwa nguvu, hata kama alikwenda mwenyewe, amevaa suti, kwa wito wa kawaida. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kana kwamba ameshapatikana na hatia. Kichwa cha habari si hukumu, lakini kinasomwa na watu wengi kuliko hukumu. "Afikishwa mahakamani" inatosha na haiongezi chumvi.

Kwa Arusha suala hili ni la kila siku, maana mji huu umeishi na mahakama kubwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilifanya kazi hapa hadi mwishoni mwa 2015, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa. Mwandishi anapoandika kuwa nchi fulani "imeburuzwa" mbele ya Mahakama ya Afrika, nchi ile kwa kweli imeleta mawakili wake na majalada yao. Imeshtakiwa. Andika hivyo.

15. Na "hatutaki kuburuzwa" kwenye mikutano?

Hapo neno liko mahali pake hasa. Msemaji analalamika kuwa uamuzi umeletwa umeshaiva, na wanachama wanatakiwa kunyoosha mikono tu. Ni kauli nzito lakini si tusi. Katibu anayeandika muhtasari anaweza kuilainisha: "wajumbe walitaka kushirikishwa zaidi". Akifanya hivyo, mjumbe aliyesema atalalamika kuwa ameburuzwa mara ya pili.

16. Timu "inayoburuza mkia" ni ya mwisho tu, au hata ya pili kutoka mwisho?

Kwa ukali wake, ni ya mwisho tu: katika Ligi Kuu yenye timu 16, ni ile ya 16. Magazeti huitumia pia kwa shule katika matokeo ya mitihani na kwa mikoa katika ukusanyaji wa mapato. Mwingine atasema "kushika mkia". Naona "kuburuza" ina dhihaka zaidi, kwani mkia unaoshikwa bado uko juu.

Michezo ina mvutano wa kweli pia: kuvuta kamba, unaochezwa Mei Mosi na kwenye mashindano ya SHIMIWI ya watumishi wa umma. Watu wanane kila upande. Wengi huucheka kama mchezo wa kujaza ratiba, lakini ulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920. Pande zote mbili huvuta. Ukiona visigino vya upande mmoja vinachora mifereji kwenye nyasi, upande huo sasa unaburuzwa.

## Maswali ya pembeni

17. Kwenye simu nisemeje: vuta, buruta au telezesha?

Buruta ni kushikilia kitu kwa kidole na kukihamisha bila kukiachia, mfano alama kwenye ramani. Telezesha ni kupitisha kidole kwenye kioo ili ukurasa usogee. Vuta hutumika kwa picha: "ivute karibu nione namba ya gari."

18. "Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake." Huyu mwamba ni nani?

Vijana humfikiria mwamba wa mtaani, jamaa asiyetikisika. Siye. Mwamba ngoma ni anayewamba, yaani anayeitandaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma na kuikaza. Wawambaji wakiwa wengi kila mmoja hukaza upande wake. Methali inamhusu mtu anayegeuza hoja kwa faida yake, mfano ndugu wanaogawana kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba, kila mmoja akikumbuka maneno ya mzee yanayomfaa yeye.

19. Mvuto, mvutano na kivutio: nitenganisheje?

Mvutano ni pande mbili kuvutana, ziwe wizara mbili au dunia na jiwe linaloanguka. Shuleni husema nguvu ya mvutano. Kivutio ni kitu au mahali panapovuta watu, na kwa wingi wake ndiyo biashara ya mji wa Arusha. Mvuto ni sifa ya mtu au kitu kupendeza. Matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme huahidi "dawa ya mvuto wa biashara". Sijaona hata moja linaloahidi dawa ya mvutano, ingawa ndilo soko lenye wateja wengi.

20. Mgeni akizidiwa mlimani, niseme ameburutwa hadi chini?

Usiseme hivyo, hasa kwenye ripoti itakayosomwa na ndugu zake. Kilimanjaro kuna machela za gurudumu moja. Wapagazi huishika pande zote na kuishusha kwa mbio za uangalifu, mathalani kutoka Kibo, mita 4,720, hadi Horombo, mita 3,720. Mgonjwa "ameshushwa kwa machela". Akishuka kwa miguu yake huku ameshikwa mabega, "amesaidiwa kushuka".

Na kwenye kumweleza hali yake, "anavuta pumzi kwa shida" ni bora kuliko "hana hewa". Hewa ipo. Kwenye kilele cha mita 5,895 kanieneo yake ni karibu nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi anayovuta inamletea oksijeni kidogo.

21. "Anasota rumande" ni familia hii pia?

Kwa maana, ndiyo. Kusota ni kujisogeza kwa makalio kama mtoto asiyejua kutembea, kisha ikawa kukaa kwenye taabu kwa muda mrefu bila kusogea mbele. Angalizo la swali la 14 linahusika hapa pia, lakini kwa upande wa pili: "anasota" humpendelea mshtakiwa. Neno lisiloegemea upande ni "yuko rumande".

22. Kikokotoo kinatokana na kukokota?

Kitenzi chake ni kukokotoa, yaani kufanya hesabu hatua kwa hatua. Mwanafunzi akiandika "nimekokota jumla ya mauzo" amekosea, aandike "nimekokotoa". Neno hili lilitoka darasani likaingia kila nyumba mwaka 2018, pale kanuni mpya ya mafao ya wastaafu ilipozua mjadala mkali, na mwaka 2022 kikaja kikokotoo cha mkupuo wa asilimia 33. Tangu hapo, ukimwambia mwalimu mstaafu neno "kikokotoo", hatakuuliza habari za mashine ya kujumlisha.